Kutoka kuuza matangazo hadi kumiliki kituo na kuandika kitabu: fedha hupitia wapi?

Redio ikimtambulisha mgeni kwa maneno haya, "aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya matangazo, sasa mmiliki wa vyombo vya habari na mwandishi wa vitabu," baraza za Mkunguni hapa Lamu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaoamini kuwa bwana huyo alikuwa akisoma matangazo ya vifo na harusi hewani, akapanda cheo mpaka akaachiwa kituo. Wapo wanaomchukulia kuwa mwandishi wa habari aliyetajirika. Malindi nako mambo yamechanganyika zaidi, kwa sababu vijana wanaopiga picha za hoteli na fukwe na kuzirusha mitandaoni wameanza kujiita wamiliki wa vyombo vya habari, ilhali kazi yao hasa ni matangazo.

Njia ya mtu wa namna hii inaeleweka ukifuata fedha badala ya vyeo. Vyeo hubadilika kila baada ya miaka kadhaa. Mfuko unaolipa ni ule ule.

Tuanze na kampuni ya matangazo. Hii ni ofisi inayolipwa na mwenye bidhaa ili ifikirie aseme nini, imtengenezee tangazo lenyewe, kisha impelekee tangazo hilo redioni, gazetini, kwenye televisheni, kwenye bango la barabarani au mtandaoni. Ndani yake kuna wabunifu, yaani waandishi na wachoraji wa matangazo. Kuna wanaohudumia wateja, wale wanaokunywa chai na meneja wa benki na kumtuliza tangazo likichelewa. Kuna pia wanaonunua nafasi: watu wa hesabu wanaojua dakika moja ya saa moja asubuhi inagharimu kiasi gani na inasikilizwa na watu wangapi. Sauti unayoisikia redioni kwa kawaida si ya yeyote kati ya hao. Ni ya msanii aliyekodiwa kwa siku moja, akalipwa, akaenda zake.

Watu hudhani mkurugenzi wa kampuni ya matangazo lazima awe bingwa wa maneno matamu. Baadhi ni hivyo kweli. Wengi wamepanda kupitia mlango wa wateja au mlango wa kununua nafasi, na huko ndiko anakojifunza mtu mambo ambayo baadaye humfaa akiwa mmiliki.

Kazi hii ilianza kama udalali. Katika miaka ya 1840, mjini Philadelphia, Marekani, Volney Palmer alifungua ofisi ya kukusanya matangazo ya wafanyabiashara na kuyapeleka magazetini. Hakuwa akiandika tangazo. Mwenye duka alikuja na maneno yake mwenyewe. Palmer aliwauzia magazeti huduma ya kuwaletea wateja, na magazeti ndiyo yaliyompa kamisheni. Ukimwelewa huyo umeelewa nusu ya biashara yote: dalali anahudumia pande mbili, na anayemlipa si lazima awe yule anayemwita "mteja wangu".

Baadaye kamisheni ilitulia kwenye asilimia 15, na kwa miongo mingi hiyo ndiyo ilikuwa desturi katika nchi nyingi. Tuseme kampuni ya sabuni inataka kutumia shilingi 100,000 katika kituo cha redio. Inailipa kampuni ya matangazo 100,000. Kampuni hiyo inakata 15,000, kituo kinapokea 85,000. Kampuni ya sabuni ingekwenda kituoni yenyewe, mara nyingi ingetozwa 100,000 zile zile, kwa hiyo haikuona sababu ya kumruka dalali. Siku hizi wateja wengi wakubwa wamehamia kwenye malipo ya ada ya mwezi au ya saa za kazi, lakini ukitaka kujua kwa nini vituo vidogo vya pwani huwalalamikia sana mawakala wa Nairobi, anzia kwenye zile 15,000. Kisha ongeza kuchelewa. Wakala hukilipa kituo baada ya yeye kulipwa, na hapo miezi inaweza kupita huku kituo kikidaiwa umeme.

Sasa twende upande wa pili wa kaunta. Kituo cha redio kinauza nini?

Ukiuliza mitaani utaambiwa kinauza vipindi, habari na muziki. Lakini wewe msikilizaji hujawahi kuilipa redio hata senti. Vipindi ni vya kukuvuta ukae karibu na spika. Kinachouzwa ni kule kukaa kwako, na anayenunua ni kampuni ya sabuni. Magazeti yana mapato ya wasomaji pia, na televisheni za kulipia zina ada ya mwezi, ila redio ya kibiashara inasimama karibu yote juu ya matangazo na udhamini. Ndiyo maana kipindi ambacho wewe unakipenda sana kinaweza kufutwa bila kuelezwa sababu: huenda walikuwa wanakipenda watu ambao kampuni ya sabuni haiwatafuti.

Bidhaa hiyo ina tabia moja ngumu. Fikiria boti ya abiria inayotoka Mokowe kuja Lamu. Ikiondoka na nafasi kumi tupu, nahodha hawezi kuziweka akaziuza kesho; nafasi zile zimekufa gati lilipoachwa, na mafuta yamekwenda vile vile. Dakika ya matangazo ya saa moja asubuhi ya leo ni hivyo hivyo. Ikipita bila mnunuzi, imepita. Kwa hiyo mwenye kituo aliyebanwa atakubali nusu ya bei, hata robo, mradi asiondoke mtupu, na mnunuzi mzoefu anajua kusubiri mpaka boti iwashwe injini ndipo ataje bei yake. Mtu aliyeshinda gatini miaka kumi na tano akiwanunulia wengine nafasi anajua boti zipi huondoka tupu, manahodha gani wana shida, na ni saa ngapi watu hujaa. Siku akipata mkopo, kwa nini asinunue boti?

Kenya njia hiyo haikuwepo zamani, kwa sababu rahisi kwamba boti ilikuwa moja. Hadi katikati ya miaka ya 1990 hewa ya redio ilikuwa ya shirika la utangazaji la serikali. Capital FM ilipoanza mwaka 1996, na vituo vya binafsi vikafuatana, ndipo ujuzi wa kununua nafasi ulipogeuka kuwa ujuzi wa kujua kituo kipi kitalipa. Biashara ya matangazo yenyewe nayo ilikua mpaka Scangroup ya Nairobi ikaandikishwa kwenye soko la hisa mwaka 2006, na baadaye WPP, kampuni kubwa ya London, ikachukua zaidi ya nusu ya hisa zake.

Mfano unaoonyesha njia yote kwa ukamilifu uko Marekani, na ni wa mtu ambaye wengi wetu tumeitazama kazi yake bila kumjua. Ted Turner alizaliwa mwaka 1938. Baba yake alikuwa na kampuni ya mabango ya barabarani, na alipojiua mwaka 1963 kampuni ilikuwa na madeni na mpango wa kuuza sehemu yake kubwa. Kijana wa miaka 24 akaukataa mpango ule na kuishika kampuni mwenyewe. Mabango ni shule kali ya matangazo. Hayana kipindi wala muziki wa kumvutia mtu. Yana mahali tu. Mwenye mabango anauza macho ya wapita njia, na bango lisilokodiwa linakula kodi ya ardhi bila kuingiza kitu.

Mwaka 1970 Turner alinunua kituo cha televisheni cha Atlanta, Channel 17, kilichokuwa kikipata hasara. Kilirushwa kwenye masafa ambayo televisheni nyingi za nyumbani ziliyakamata kwa taabu, na washauri wake wa fedha waliona amepotea. Alichokuwa nacho yeye, wasichokuwa nacho washindani, ni mabango matupu. Yale yasiyokodiwa akayabandika matangazo ya kituo chake. Gharama ilikuwa ndogo mno, maana nafasi ile ingekufa hata hivyo. Hapo ndipo unapoona mtu wa matangazo akifikiri: habari na sanaa bado hazijaingia kichwani, anachoona ni nafasi mbili zisizouzika na njia ya kuzifanya zisaidiane.

Vipindi alivyoweka vilikuwa vya bei nafuu: filamu za zamani, marudio, mieleka, besiboli. Timu ya besiboli ya Atlanta Braves aliinunua kabisa mwaka 1976, kwa hiyo mechi ambazo wengine walizilipia, yeye alizipata nyumbani. Desemba mwaka huo huo alikirusha kituo chake kwa setilaiti, na kampuni za kebo, zile zinazofikisha televisheni majumbani kwa waya, kote nchini zikaweza kukichukua. Hapo hadhira ikageuka kutoka mji mmoja hadi nchi, bila kuongeza idadi ya filamu za zamani. Halafu, tarehe 1 Juni 1980, akaanzisha CNN, idhaa ya habari saa 24, ambayo wengi waliiona kichekesho. Nani atatazama habari saa tisa usiku?

Kinachosahauliwa kuhusu CNN ni hesabu yake. Turner hakuiacha isimame kwa mguu mmoja. Wenye matangazo walilipa, na kampuni za kebo nazo zililipa ada kwa kila nyumba iliyounganishwa. Kwa hiyo mwezi ambao matangazo yalikuwa machache, ada iliendelea kuingia. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo chake cha akili zaidi, kuliko hata wazo la habari saa 24, na ndicho ambacho wengi wanaomwiga hawakiigi. Mwaka 1996 kampuni yake iliunganishwa na Time Warner. Ndoa iliyofuata, ya Time Warner na AOL, kampuni ya intaneti, ilimmezea utajiri mwingi, na mwaka 2008 akatoa kitabu cha maisha yake.

Si kila mtu alipita mlango ule ule. Roy Thomson wa Kanada alikuwa muuzaji wa redio kaskazini mwa Ontario, mahali ambapo mawimbi hayakufika vizuri, kwa hiyo hakuna aliyetaka kununua chombo kisicho na sauti. Mwaka 1931 akafungua kituo mjini North Bay ili redio zake zinunuliwe. Kituo kikawa biashara kuliko redio zenyewe, na mwisho akamiliki magazeti makubwa ya Uingereza, The Times likiwamo. Naye aliandika kumbukumbu zake uzeeni.

Hapa barazani huwa pana methali inayotumika kuwakejeli watu wote hawa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ingekuwa kweli kwa kila kitu, halua ya Lamu ingejulikana Kisumu kama inavyojulikana Langoni. Kitu kizuri hujiuza kwa watu wanaokiona. Kazi ya mtu wa matangazo ni kukifikisha kwa wasiokiona, na hilo si uongo wala si tabia njema, ni usafirishaji. Uongo huingia kwa mlango mwingine, pale tangazo linapovaa nguo za habari.

Na hilo ndilo eneo ambalo mtu wa matangazo akimiliki kituo hupaswa kutazamwa kwa makini. Miaka yote kazini aliyemlipa alikuwa mteja, na utiifu wake ulikuwa kwa mteja. Katika chumba cha habari kanuni ni nyingine: mhariri anatakiwa aweze kuandika kuwa sabuni ile inawasha ngozi, hata kama mwenye sabuni ndiye mdhamini wa taarifa ya saa moja. Wamiliki wengine hujenga ukuta kati ya ofisi ya mauzo na chumba cha habari. Wengine huuacha uwe pazia. Msikilizaji wa Malindi anaweza kupima mwenyewe: hoteli inayotangaza kila siku ikiwa na mgogoro wa ardhi au wa mishahara, je, kituo kinautaja?

Mdhamini mkubwa kuliko hoteli ni serikali. Zabuni, nafasi za kazi, ilani za umma, yote hayo ni matangazo ya kulipiwa, na kwa vituo na magazeti mengi ya Kenya ni sehemu kubwa ya mapato. Mwaka 2015 serikali kuu iliunda wakala wake wa matangazo ili yapitie mlango mmoja, na tangu hapo malalamiko ya madeni yasiyolipwa hayajakoma. Machi 2024 likatoka agizo kwamba matangazo ya redio na televisheni ya taasisi za umma yapelekwe KBC pekee, yaani shirika la utangazaji la serikali, agizo ambalo lilifikishwa mahakamani. Watu waliliona kama ugomvi wa waandishi na wanasiasa. Kwa mwenye kituo lilikuwa swali la mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayemiliki kituo chenye mguu huo mmoja hahitaji kutishwa na mtu yeyote. Anaogopa kimya kimya.

Kitabu nacho kinapotosha wengi. Mtu akiitwa mwandishi, tunadhani ametajirika kwa mauzo ya kitabu. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida huwa karibu asilimia 10 ya bei. Kitabu cha shilingi 1,000 kinampa kama shilingi 100. Akiuza nakala 3,000, na kwa kitabu cha biashara nchini hiyo ni kazi kubwa, amepata 300,000, fedha ambayo kampuni yake inaweza kuingiza kwa mkataba mmoja. Basi kwa nini aandike?

David Ogilvy alilijibu hilo waziwazi kuliko wote. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka 1911, aliwahi kuuza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba huko Uskoti, akafanya kazi ya utafiti wa maoni na George Gallup, kisha mwaka 1948 akafungua kampuni ya matangazo New York. Mwaka 1963 alitoa *Confessions of an Advertising Man*. Baadaye alieleza kwamba alikiandika ili avute wateja wapya, alitayarishe soko kwa mauzo ya hisa za kampuni yake, na ajulikane zaidi katika ulimwengu wa biashara. Hisa ziliuzwa kwa umma mwaka 1966. Mauzo ya kitabu chenyewe aliyadharau hivi kwamba alimpa mwanawe haki zote kama zawadi ya kutimiza miaka 21, akitarajia nakala 4,000. Zikauzwa zaidi ya milioni moja. Mtoto alifaidi, na baba akapata wateja. Mwaka 1989 kampuni yake ikanunuliwa na WPP, ile ile iliyokuja kuishika Scangroup ya Nairobi.

Kwa hiyo kitabu cha mtu wa aina hii mara nyingi ni tangazo refu lenye jalada gumu, na halipungui thamani kwa sababu hiyo, mradi msomaji anajua anasoma nini. Mimi hutafuta sura za hasara kwanza. Ikiwa hakuna hata moja, nakiweka chini.

Turudi pwani, kwa vijana wa kurasa za simu. Anayelipwa na hoteli ya Malindi kupiga picha na kuandika sifa zake ni mtu wa matangazo, na ni kazi halali kabisa. Akisema hadharani kwamba amelipwa, hana deni kwa mtu. Anaanza kukaribia umiliki wa chombo cha habari pale watu wanapomfuata kwa sababu ya kitu anachotoa kila wiki hata asipolipwa na hoteli: ratiba za boti, hali ya bahari, bei za samaki, mechi za mitaa. Hapo ana hadhira yake, na hadhira ndiyo inayouzika kwa wengi. Ila wafuasi anaohesabu si mali yake kamili. Wako katika nyumba ya mtandao wa kigeni, ambao unaweza kubadilisha kanuni usiku mmoja na ukurasa wake ukaonekana na watu mia badala ya elfu kumi.

Halafu kuna hesabu ya watu, ambayo hukwepwa sana mazungumzo yanapopamba moto. Sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Lamu watu 143,920 kati ya Wakenya milioni 47.6, yaani takriban watu watatu katika kila elfu. Kilifi, yenye Malindi ndani yake, ilikuwa na 1,453,787, mara kumi ya Lamu. Mnunuzi wa nafasi aliyeko Nairobi anaangalia jedwali, anaona watatu kwa elfu, anafunga ukurasa. Si kwamba anatuchukia; hajatuona tu. Kituo cha Lamu kinachosubiri sabuni ya Nairobi kitasubiri. Kinachoweza kukishikilia ni fedha za karibu: maduka, vyuo, wenye boti, matangazo ya harusi na mazishi yenyewe, miradi ya afya na uvuvi inayotaka kuwafikia watu wa Faza na Kiunga kwa lugha yao, na udhamini wa siku za mashindano ya majahazi wakati wageni wamejaa mjini.

Na yeyote anayepanga kufungua redio huku aulizwe kwanza ataomba leseni ya aina gani. Sheria ya Kenya inatofautisha utangazaji wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Leseni ya jamii ndiyo inayoonekana nyepesi kwa mji mdogo, na wengi huikimbilia wakiwa na hadithi za Turner kichwani. Lakini faida ya kituo cha jamii hutakiwa irudi kwa jamii yenyewe. Hakuna cha kuuza hisa, hakuna cha kuunganisha na kampuni ya mji mkuu, na gawio halipo. Anayetaka kumiliki aombe ile ya kibiashara, akijua kuwa wasikilizaji wake ni wachache.